Kesi ya Mguu wa Babu

Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano ni mtu wa vyeo viwili. Wodini muuguzi akitaka kupita na sinia lake la dawa anamwambia, "Wewe mwanafunzi, hebu sogea." Akipanda kwao milimani, watu wale wale waliomfahamu akikojoa kitandani wanamwita Daktari, na watoto wanamkimbia wakidhani kafungasha sindano. Mimi nilikipenda zaidi cheo cha pili, na sitaki kujifanya hakikuniingia kichwani.

Wiki chache kabla ya mitihani ya mwisho chuo kilitupa siku za kujisomea. Kwa akili zangu nikaona kwamba nitasoma vizuri zaidi kwenye ubaridi wa kwetu kuliko hosteli. Nikashuka stendi ya Same, upepo wa pale ukanipokea kwa mchanga wa mdomoni kama kawaida yake, nikapata gari linalopita Kisiwani, kisha tukaanza kupanda. Begi lilikuwa na vitabu vinne na mashine ya kupima sukari niliyoiazima kwa rafiki. Kiburi nilikibeba bila begi.

Nilipofika kijijini, kila niliyempa shikamoo aliniitikia marahaba na ugonjwa. Mmoja alinionyesha jino katikati ya njia. Mwingine aliniomba nimtazame ng'ombe. Nilijibu wote, hata wa ng'ombe, maana mtu akishaitwa Daktari mara kumi kwa siku huanza kuona haya kusema hajui.

Babu, yaani baba yake baba yangu, nilimkuta uani juu ya kiti chake, mguu wa kushoto umefungwa kipande cha kanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Umekuja kuniangalia au umekuja kula makande?"

"Vyote. Huo mguu umefanyaje?"

Akanisimulia kwa raha kabisa. Ulipopigwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuzibua mfereji unaoleta maji kutoka ndiva, bwawa letu la kumwagilia, wanaume wote walitoka na majembe, na jembe la jirani likampata kwenye kidole gumba. Hilo halikumhuzunisha. Alikuwa ameshaandika majina ya mashahidi wanne kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mfukoni.

Nilifungua ile kanga. Kidole kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi, chini yake pana tundu linalotoa usaha, na harufu yake niliifahamu kutoka wodini.

"Kinauma babu?"

"Hakiumi hata kidogo. Damu yangu nzuri."

Babu alikuwa na kisukari kwa miaka mingi. Dawa alipewa, naye alizimeza siku anazojisikia vibaya, na kwa bahati mbaya babu hujisikia vizuri karibu kila siku. Mtu wa namna hiyo akikwambia kidonda hakimuumi, maana yake ni kwamba mguu umeshaanza kufa ganzi, na anaweza kuupoteza huku anacheka. Nikamwambia kesho asubuhi tunashuka hospitali.

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu babu. Ni jambo la haraka."

"Basi lilete kwenye kikao," akasema, akaufunga mguu wake.

Asiyetujua Wapare nimweleze kidogo. Watani zetu Wachaga husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uongo, kwa sababu Mpare mwenye akili hauzi ng'ombe kabla hajaona kesi ya kuku itafika wapi. Babu alikuwa fundi wa mambo hayo. Kesi yake ya mpaka wa shamba na jirani, huyu huyu wa jembe, ilichukua miaka mingi kuliko yangu ya udaktari, na alichoshinda ni mstari wa masale, mimea ya mpakani, uliosogea upana wa nyayo mbili. Karatasi zake zote zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hakuna mjukuu aliyelala kwenye chumba kile asiyesomewa hukumu.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwa babu, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba yangu, aliyewahi kuwa karani kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare na tangu hapo hawezi kuruhusu jambo lipite bila utaratibu. Katibu alikuwa shangazi, mwalimu mstaafu, mwenye daftari kubwa la ukoo. Ndugu wengine kumi na kidogo walikuja kwa sababu hawakuwa na kesi yao wiki ile. Ikaombwa sala, ikahesabiwa akidi, ikatangazwa ajenda. Shangazi aliandika na kupigia mstari: Mguu.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mbele ya maprofesa, na hilo ndilo lililoniponza. Nilizungumzia mishipa ya fahamu, mzunguko wa damu kwenye viungo vya pembeni, na bakteria wa aina tatu. Shangazi alinisimamisha mara mbili nirudie taratibu ili anakili. Nilipokaa, sebule nzima ilikuwa imevutiwa nami na hakuna aliyeelewa kitu.

Babu akaomba kuniuliza maswali. Akaruhusiwa.

"Mwenye mguu ni nani?"

"Ni wewe babu."

"Mguu umelalamika?"

"Haujalalamika, na ndiyo hatari yenyewe."

"Jibu swali. Mguu haujalalamika, na mwenye mguu hajalalamika. Sasa wewe umeingia kwenye kesi hii kama nani?"

Watu wakaguna kwa kuridhika. Baba mkubwa alisema swali ni la msingi.

Nikaona niachane na maneno, nilete ushahidi. Nilimwomba babu afumbe macho, nikachukua kipande cha pamba na uzi wa nailoni, nikawaambia wote watazame. Nilimgusa mkononi.

"Nimesikia," akasema babu.

Nikamgusa unyayo, kisha kisigino, kisha pembeni kabisa ya kidonda, na mwisho nikakandamiza uzi mpaka ukapinda. Babu alikuwa bado kafumba macho.

"Umegusa?" akauliza.

"Nimegusa mara nne babu."

"Sijasikia," akasema, akafumbua macho na kuwageukia ndugu zake. "Mmeona wenyewe. Hakuna maumivu."

Wakapiga makofi. Nimesimama mbele ya watu wengi maishani, lakini sijawahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia wale ndugu zangu kwa dakika ile moja. Nilikuwa nimethibitisha kwamba mguu wa babu umekufa ganzi, na wao waliandika kwenye daftari kwamba ni mzima.

Nikatoa mashine ya sukari. Nikamtoboa babu kidole, namba ikaja kubwa kiasi kwamba niliirudia. Babu hakubishana na namba. Aliuliza mashine ni ya nani.

"Nimekuja nayo mimi."

"Mizani ya muuzaji," akasema. "Ipimeni kwa mtu asiye na upande."

Asiye na upande alikuwa mwenyekiti. Baba mkubwa akatoa kidole kwa heshima zote, nikamtoboa, tukangoja. Namba yake ilikuwa chini kidogo tu ya ile ya babu. Aliitazama, akanitazama mimi, akasafisha koo, akatangaza kwamba kipimo ni kibovu na kisiingizwe kwenye kumbukumbu. Baada ya hapo hakuna aliyekubali kupimwa, na baba mkubwa akakisogeza mbali kidogo kikombe chake cha chai yenye sukari.

Uamuzi ulitoka baada ya makande. Baba mkubwa alisema kikao kimenisikiliza na kinajivunia, na kwamba haraka haraka haina baraka. Akaniuliza kama nimehitimu.

"Bado, baba mkubwa. Mitihani ni mwezi huu."

"Basi kwa sasa hatuna daktari, tuna mwanafunzi. Shauri linaahirishwa mpaka mwana wetu ahitimu, aje atueleze akiwa daktari kamili. Kwa sasa mzee apake asali, na asiingie mferejini."

Babu akanipa mkono kama wanavyopeana mawakili. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akaniambia, na wote wakacheka.

Sasa niseme jambo ambalo shangazi hakuliandika. Ningeweza kubisha. Ningeweza kushuka kwenye zahanati, nikamleta yule muuguzi ambaye babu humwogopa kidogo. Ningeweza kukaa pale mlangoni nikalia mpaka wamshushe, maana mjukuu wa kike akilia kwa babu yake siku mbili hushinda. Sikufanya hata moja. Niliposikia neno "linaahirishwa" nilihisi nafuu. Vitabu vyote vinne vilikuwa havijafunguliwa, na kitu nilichokuwa nakiwaza kikao kizima kilikuwa mtihani wa magonjwa ya watoto. Nikaandika maelekezo ya kurasa tatu kwa herufi kubwa, nikampa shangazi. Yeye akayatoboa tundu, akayafunga nyuma ya daftari kama kielelezo. Kesho yake nikarudi chuoni.

Mtihani wa vitendo uko hivi. Unaingia wodini, unapewa mgonjwa mmoja, unakaa naye kwa muda, kisha unakwenda kusimama mbele ya watahini kumweleza. Wagonjwa wa mtihani ni wazoefu kutuzidi. Wengine wameshapimwa na wanafunzi wa miaka mitatu mfululizo, na ukiwaamkia vizuri hukunong'oneza ugonjwa wao wenyewe.

Mimi nilipewa mzee wa Kwakoa, mfugaji, mkimya. Nikafunua shuka. Mguu wa kulia, kidole gumba, tundu chini yake.

"Kinauma mzee?"

"Hakiumi."

Nilikaa pale nimeshika kalamu bila kuandika. Mzee akadhani nimesahau, akaniinamia na kuninong'oneza, "Sukari, mwanangu. Andika sukari."

Mbele ya watahini nilikuwa mashine. Walipouliza hatari kubwa ni nini, nikasema ni hiyo ya kutokuuma. Walipouliza mgonjwa asubiri muda gani, nikasema asisubiri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mmoja, profesa mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akaniuliza:

"Na akikataa? Na ndugu wakikataa?"

Nikamtajia hatua tano za kuzungumza na familia. Kwanza kusikiliza, pili kutumia lugha nyepesi, tatu kumtafuta mtu wanayemheshimu, nne sikumbuki, tano kutokata tamaa na kurudi tena. Aliitikia kwa kichwa kwa furaha, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Vizuri sana," akasema. "Inaonekana umewahi kulifanya."

Nikatoka nje, nikajifungia chooni, nikalia kwa hasira. Nilijikasirikia mwenyewe. Kisha nikampigia shangazi.

"Afadhali umepiga," akasema. "Kidole kimekuwa cheusi, na cha pili yake. Chumba kinanuka, hata yeye mwenyewe anasema kinanuka. Tumemwambia ashuke, anasema kikao hakijaamua. Baba yako mkubwa naye anasema hawezi kukiuka uamuzi wake mwenyewe. Tunakungoja wewe uhitimu."

"Shangazi, matokeo bado wiki kadhaa."

"Ndiyo nawaambia watu hivyo hivyo."

Kukata simu sikukata mara moja. Nilimwambia anisubiri kidogo, kwamba kuna habari ninafuatilia. Kisha nikaenda kwa fundi cherehani nyuma ya soko, anayekodisha majoho ya mahafali. Lililokuwepo lilikuwa la mtu mrefu, linaburuta chini. Nikalivaa, nikashika karatasi ya kukunja iliyofungwa utepe, ambayo ilikuwa risiti ya kitambaa, fundi akanipiga picha mbele ya ukuta wake wa bluu. Nikaituma kwenye kundi la ukoo kwenye simu na maneno mawili: Tayari, nimehitimu.

Simu iliwaka moto. Walipongeza watu nisiowajua. Binamu wa Dodoma aliweka maua mpaka skrini ikajaa. Baba mkubwa alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne wenye sala ndani yake. Nilimngoja amalize, nikamwandikia kwamba mimi, daktari kamili, naomba shauri la mguu lifunguliwe leo. Akidi ilipatikana humo humo kwenye kundi. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha mayai, na sehemu kubwa ya muda huo ni shangazi aliyekuwa anatafuta daftari. Mchana ule babu alibebwa kwenye kitanda cha kamba hadi barabarani, akashushwa Same, na kutoka pale akaletwa kwenye hospitali kubwa zaidi.

Mguu ulikatwa chini kidogo ya goti. Mpasuaji aliniambia wangeuona wiki tatu mapema, pengine angeondoa kidole kimoja tu. Hakujua anamwambia nani. Nilimshukuru kwa maelezo, nikaenda kukaa kwenye benchi la nje mpaka babu akaamka.

Matokeo ya kweli yalitoka baadaye. Nilifaulu. Hakuna aliyenipongeza, kwa kuwa walikuwa wameshamaliza.

Nilipanda tena milimani mwezi uliotangulia mahafali. Babu alikuwa sebuleni, magongo yake yameegemezwa ukutani, na miguuni pake pana boksi la viatu vyeusi vya ngozi ambavyo wanawe walimnunulia mapema ili aje navyo kwenye mahafali yangu. Alikuwa anapaka rangi kimoja. Cha pili kilikuwa bado kwenye karatasi yake.

Nikamwamkia, nikakaa chini. Hakuniita mke wangu.

"Lile joho," akasema bila kuinua macho, "lilikuwa la nani?"

Nilijua hakuna haja ya kuzunguka. "La kukodi."

"Lilikuwa linaburuta. Mtu aliyepimiwa joho lake haliburuti. Na ile karatasi ilikuwa na mihuri ya duka. Nimesoma karatasi nyingi mimi."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua kabla picha haijamaliza kufunguka."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Akaendelea kusugua kiatu. "Nilikuwa nanuka. Nilitaka mtu anishinde, na hakukuwa na mtu. Ulipoleta uongo nikasema, haya, huu unatosha." Kisha akaniangalia. "Jambo moja tu ndilo sijalielewa. Uongo ule siku ya kikao ulikuwa wapi?"

Hilo ndilo swali pekee ambalo babu amewahi kuniuliza asilojua jibu lake. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba waliposema linaahirishwa nilifurahi, kwamba nilikuwa na mitihani, kwamba nilijua mguu unakufa na nikaandika kurasa tatu ili nisiwe na hatia. Nililia tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakuniambia si kosa langu, kwa sababu babu hasemi jambo ambalo hawezi kulitetea.

"Basi tulikuwa wawili tulioshinda siku ile," akasema.

Akaweka kiatu chini, akavua soksi ya mguu uliobaki, akaunyanyua kwa mikono miwili na kunipakatisha mapajani.

"Kagua."

"Babu, kikao..."

"Kikao kimefungwa. Kagua."

Nikatoa uzi wa nailoni kwenye mkoba. Yeye akafumba macho bila kuambiwa. Nikamgusa kisigino, nikamgusa unyayo, nikamgusa chini ya kidole gumba na kukandamiza mpaka uzi ukapinda. Nje watu walikuwa wanapita na majembe kwenda mferejini.

"Umegusa?" akauliza.

"Nimegusa."

Alikaa muda mrefu amefumba macho, anasikilizia.

"Sijasikia," akasema, na safari hii hapakuwa na mtu wa kupiga makofi.